Mate yalianza kukata wiki ya kwanza, sisi tukashtuka mwezi wa nane baada ya mionzi

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa meno, manesi wa mionzi, na yeyote anayemuuguza mtu wa kansa ya koo. Vitu vya kumtambulisha mgonjwa nimevitoa au nimevibadilisha kidogo. Mimi ndo nilikuwa daktari wake wa meno, kwa hiyo sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu na nitayasema.

## Mgonjwa alivyokuja

Mwanaume wa miaka 50 na kitu, kansa ya tonsili upande wa kushoto, imeshafika kwenye matezi ya shingo pande zote mbili. Ikaamuliwa mionzi pamoja na kemo ya sisplatini: Gy 70 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi), vipindi 35, siku tano kwa wiki, wiki saba. Hiyo ni dozi ya kawaida kabisa kwa kansa ya hapo, hakuna aliyezidisha kitu, na nalisema mapema maana watu wakisikia tezi za mate zimeharibika wanadhani mashine ilikosea.

Alikuja kwangu kama wiki tatu kabla ya kuanza. Fizi za wastani, ugaga nyuma ya meno ya mbele ya chini kama watu wengi tu, na magego mawili ya chini kushoto yameliwa mpaka mizizi inaonekana. Hayo mawili nikayang'oa siku 18 kabla ya kipindi cha kwanza. Mfupa wa taya ukishapigwa mionzi mingi mishipa yake ya damu inapungua, ukija kung'oa baadaye kidonda kinaweza kugoma kufunga, mfupa ukabaki wazi na kufa taratibu. Ndo maana tunataka angalau wiki mbili za kupona kabla mionzi haijaanza.

Halafu nikampima mate. Kipimo chenyewe ni rahisi mpaka unaona aibu. Unachukua kikombe kidogo cha plastiki, unakipima uzito, unamkalisha mgonjwa kichwa kimeinama, asiongee, asimeze, aache tu mate yadondoke kwa dakika 5. Unapima tena kikombe, gramu 1 unaihesabu kuwa mililita 1, unagawa kwa 5. Alikaa pale na uzi wa mate unaning'inia mdomoni, alipomaliza akajifuta akasema, "Dokta, na hii nayo uliisomea chuo?" Alitoa mililita 0.35 kwa dakika akiwa ametulia, na 1.7 akitafuna kipande cha nta. Yuko sawa kabisa. Mtu tunasema mate hayamtoshi akishuka chini ya 0.1 kwa yale ya kutulia.

## Mpango ulivyopangwa

Hapa lazima tuzielewe tezi zenyewe kidogo. Kubwa ni jozi tatu: parotidi mbele ya sikio, tezi za chini ya taya, na zile za chini ya ulimi, halafu kuna mamia ya tezi ndogondogo zimetawanyika kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Parotidi ni tezi ya kula, ukitafuna inamwaga mate mepesi kama maji. Tezi za chini ya taya ndo zinabeba zamu ya muda uliobaki, karibu theluthi mbili ya mate unayokuwa nayo ukiwa umekaa tu au unaongea yanatoka huko, na yana utelezi unaofunika mdomo. Ukizipoteza hizi chakula kinaweza kupita vizuri tu, shida unaikuta ukishafunga mdomo.

Tim ilitumia IMRT, mionzi ambayo mashine inaichonga dozi ifuate umbo la uvimbe badala ya kupiga shingo nzima kwa mkupuo. Faida yake haina ubishi: jaribio la PARSPORT la Uingereza, lililotoka 2011 na wagonjwa 94, lilionyesha baada ya mwaka mmoja waliobaki na ukavu wa kuwasumbua walikuwa 38% kwa IMRT dhidi ya 74% kwa mionzi ya zamani. Lengo linalotumika sana ni parotidi moja ipate wastani wa chini ya Gy 20, au ikishindikana zote mbili chini ya 25. Kwa huyu parotidi ya kulia ilipangiwa Gy 19 na ya kushoto, iliyo jirani na uvimbe, ikapata 38.

Mtaalamu wa fizikia alinionyesha kwenye skrini: parotidi ya kulia imekaa kwenye rangi ya bluu, yaani dozi ndogo, safi kabisa, tukapongezana. Mimi sikuuliza kuhusu zile rangi nyekundu chini ya taya. Tezi ya kushoto ya chini ya taya ilikuwa na Gy 68 na ya kulia 57, na kwenye karatasi ya mpango hazikuwa na kikomo chochote, yaani kompyuta haikuambiwa hata ijaribu kuziepuka.

## Wiki saba zenyewe

Ijumaa ya wiki ya kwanza, vipindi vitano tu, ngozi haijabadilika, mdomoni hakuna kidonda hata kimoja. Nikampima: kutoka 0.35 akawa 0.18. Nusu ya mate imeondoka ndani ya siku tano na yeye mwenyewe alichoona ni kwamba "mate yamekuwa kama gundi."

Hapa wengi wanashangaa na wana haki ya kushangaa. Kanuni ya darasani inasema mionzi inaumiza kwanza seli zinazogawanyika kwa kasi, kama za utando wa mdomo au mizizi ya nywele, na seli za tezi za mate zinagawanyika polepole sana, kwa hiyo zilitakiwa zivumilie miezi. Hazivumilii. Kazi zilizofanywa kwa panya zilionyesha kuwa siku za mwanzo maji ya mate yanapungua wakati seli bado zipo karibu zote, hazijafa, ila zimekuwa viziwi. Kawaida neva inatuma ujumbe, ujumbe unapokelewa kwenye ganda la seli, kalsiamu inapanda ndani ya seli, milango ya maji inafunguka. Mionzi inaharibu hapo kwenye kupokea. Neva inaita, seli ipo, haitiki.

Vifo vinakuja baadaye. Seli yoyote ya tezi ina umri wake, ikizeeka inakufa na nyingine inatoka kwenye seli mama zilizoko kwenye mifereji ya tezi kuziba pengo. Sasa kama seli mama nazo zilipigwa, wazee wanakufa hakuna wa kurithi, tezi inasinyaa mwezi baada ya mwezi na pengo linajazwa na makovu na mafuta. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walionyesha 2015 kuwa kwenye parotidi seli mama zimejazana karibu na mifereji mikubwa, wakapendekeza eneo hilo lilindwe zaidi. Wazo zuri mno, japo jaribio la baadaye la kuwalinganisha wagonjwa halikuonyesha faida kubwa tuliyoitarajia.

Tuendelee na mgonjwa. Wiki ya tatu vidonda vikalipuka mdomoni. Nilishamtengenezea trei za meno za kuwekea jeli ya floraidi kila usiku, akazijaribu mara mbili akasema zinachoma kama moto, akaziacha. Nikamwambia apumzike, tutarudi huko vidonda vikipona. Niliandika kwenye faili "floraidi: imesimamishwa kwa muda." Huo muda haukuwa na tarehe.

Wiki ya nne alikuwa ameshapungua kilo 6 na maski inayomshika kichwa kwenye meza ya mionzi ikawa inacheza. Walifanya jambo la maana sana, wakamrudisha kwenye skeni. Parotidi ya kulia ilikuwa imesinyaa na kusogea ndani, kuelekea kwenye eneo la dozi kubwa, kwa hiyo tezi tuliyoipongeza kwenye skrini ilikuwa inatoka polepole kwenye bluu. Tezi kusinyaa katikati ya mionzi ni jambo la kawaida sana, ila ukikaa na skeni ya siku ya kwanza huwezi kuliona. Mpango ukachorwa upya kuanzia kipindi cha 21. Nadhani uamuzi huo peke yake ndo unaomfanya leo aweze kula.

Siku ya mwisho mate ya kutulia yalikuwa 0.03.

## Miezi minane

Skeni ya mwezi wa tatu baada ya mionzi ikatoka safi, kansa haionekani. Watu walikumbatiana. Niseme ukweli, habari nzuri ya namna hiyo inafanya kila mtu aone maswali mengine ni uchokozi, nani ataanza kuulizia mate wakati mtu kapona kansa. Mimi nilimwona mwezi wa pili, mdomo mkavu lakini meno mazima, nikampa apoitimenti ya miezi mitatu. Hakuja. Sikupiga simu.

Alirudi mwezi wa nane akiwa na mkewe. Nilipoingiza kioo cha meno kikanata kwenye shavu, ikabidi nikibandue polepole kama stika. Ulimi una mifereji, umeng'aa, pembeni pana utando mweupe wa fangasi. Kisha nikavuta mdomo wa chini. Meno manne ya mbele ya chini yalikuwa na mkanda wa kahawia shingoni, pale jino linapoingia kwenye fizi, mkanda umezunguka jino kama ile alama anayoacha mnyama akiguguna mti. Nikagusa kwa sindano ya kupimia ikazama kama kwenye jibini.

Kwa mtu wa meno hiyo picha inatisha kwa sababu moja: hayo ndo meno ambayo huwa yanaoza ya mwisho kwa binadamu. Nyuma yake tu ndo yanafunguka matundu ya mifereji ya tezi za chini ya taya, yaani meno hayo yanaishi mlangoni mwa chemchemi, ndo maana hata ugaga unapenda kujijenga hapo, ni madini ya mate yaliyoganda. Nikaangalia nyuma, ule ugaga niliouona kabla ya mionzi haupo. Ningekuja kumwona mwezi wa tano ningemsifia kwa kupiga mswaki vizuri.

Kwa ujumla meno tisa yalikuwa yameanza kuoza, na gego dogo la chini kushoto limetoboka mpaka kwenye kiini.

Mkewe ndo aliyetupa historia. "Dokta, huyu mchana ana afadhali, anakula na maji pembeni maisha yanaenda. Usiku ndo balaa, kila saa yuko macho, na mezani kwake pipi haziishi." Pipi gani mama? Akafungua mkoba akanionyesha: pipi ngumu za limau, za sukari. Mwenzake wa wodini alimwambia uchachu unaleta mate, na ni kweli unaleta, kwa mtu ambaye tezi zinaitika. Yeye alikuwa anamumunya kumi hivi kila usiku. Asidi na sukari kwenye mdomo usio na mate ya kuzisafisha, miezi sita mfululizo, akiwa amelala.

Nikaomba waniletee dawa zote anazotumia, hata zile ndogo. Kwenye mfuko ikatoka amitriptilini, alipewa mwezi wa nne kwa maumivu ya shingo na kukosa usingizi. Amitriptilini inakausha mate, inaziba palepale neva inapoipigia seli. Aliyeiandika hakukosea kuhusu maumivu. Ila hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyekuwa na orodha nzima.

Kipimo siku hiyo: 0.02 kwa kutulia, 0.5 kwa kutafuna.

## Tulichoamua na kwa nini

Kwanza lile gego dogo. Njia nyepesi ilikuwa kuling'oa, lilishaharibika. Lakini nilipoomba ramani ya dozi mfupa wa hapo ulipata zaidi ya Gy 60, na hiyo ni sehemu ambayo sitaki kufungua kidonda kama nina njia nyingine. Tukasafisha mizizi, tukaijaza, tukakata kichwa cha jino usawa wa fizi na kuziba juu. Mzizi ukabaki umezikwa kwenye mfupa wake. Haipendezi kwa macho, mgonjwa mwenyewe aliniuliza kwa nini namwachia kisiki, nikamweleza habari ya mfupa akaelewa haraka kuliko wanafunzi wangu.

Mengine manane tukayaziba kwa sementi ya glasi aionoma, inashika vizuri kwenye shingo ya jino na inatoa floraidi kidogo kidogo. Jeli ya floraidi ikarudi, safari hii ile kali ya ppm 5000 ya kupigia mswaki, maana ya kawaida ya madukani huwa kama ppm 1000 hadi 1500, na trei nilijua atazikimbia tena. Bora dawa ya daraja la pili anayoitumia kila siku.

Fangasi zikatibiwa. Amitriptilini ikapunguzwa taratibu na tim ya maumivu, wakampa gabapentini.

Pipi hatukuzipiga marufuku tu tukaondoka. Mtu anaamka saa nane usiku ulimi umegandia kaakaa, ukimnyang'anya pipi lazima umpe kitu mkononi. Tukampa jeli ya mate bandia ya kupaka ndani ya mashavu kabla ya kulala, kifaa cha kutia unyevunyevu chumbani, maji ya kulowesha mdomo tu sio kunywa chupa nzima, na mchana bigijii isiyo na sukari ili ile parotidi ya kulia ifanye mazoezi. Dawa ya kusukutua yenye pombe aliyokuwa nayo ikaenda kwenye pipa, inakausha.

Pilokarpini tukaijaribu pia, miligramu 5 mara tatu kwa siku, baada ya kuhakikisha hana pumu wala presha ya macho. Dawa hii imeruhusiwa Marekani kwa ukavu wa mionzi tangu 1994 na inachofanya ni kuipigia kelele seli iliyobaki. Kama hakuna seli iliyobaki hakuna wa kupigiwa, ila kwa huyu parotidi moja ilikuwepo. Ikamsaidia kiasi, na ikamtoa jasho mpaka anabadilisha shati mara mbili kwa siku, tukakubaliana abaki na mara mbili.

## Alipofikia

Mwezi wa 14: kutulia 0.06, kutafuna 0.8. Mwezi wa 24: kutulia 0.08, kutafuna 1.0. Biskuti kavu anamaliza kwa maji kidogo. Usiku anaamka mara mbili badala ya kila saa. Meno yaliyozibwa yapo yote, moja limezibwa mara ya pili, na mfupa wa taya umetulia.

Ukiziangalia hizo namba mbili utaona kisa chote. Mate ya kutafuna yamerudi zaidi ya nusu ya yalivyokuwa, hiyo ni parotidi ya kulia, tezi tuliyoilinda na kuifuatilia na kuichorea mpango upya. Mate ya kutulia hayakuvuka hata 0.1, hizo ni tezi za chini ya taya ambazo hakuna aliyezitetea. Kurudi kwa mate kunaweza kuendelea hadi kama miaka miwili, baada ya hapo sitegemei muujiza.

## Uchambuzi

Swali la kwanza ambalo wenzangu waliniuliza kwenye kikao ni kama tezi za chini ya taya zingeweza kuokolewa. Ya kushoto hapana, imegusana na matezi yenye kansa, na kuiokoa tezi kwa kuibakizia kansa ni biashara ya hasara. Ya kulia kuna mjadala. Kazi ya Marekani ya 2008 ilionyesha tezi hizi zinaweza kurudisha kazi kama wastani haukuzidi kama Gy 39, na huyu alipata 57. Upande wa kulia nao ulikuwa na matezi ya kutibu kwa hiyo pengine 39 isingefikika. Lakini kati ya kujaribu ukashindwa na kutojaribu kabisa kuna tofauti, na sisi hatukujaribu. Wenzetu wa Edmonton, Kanada, walibuni upasuaji wa kuihamisha tezi ya chini ya taya mpaka chini ya kidevu kabla ya mionzi, ikae nje ya njia. Kwa mgonjwa huyu mwenye kansa shingoni pande zote isingefaa, ila imenifundisha kwamba kuna watu walizichukulia hizi tezi kwa uzito kuliko sisi.

Pili, kosa langu. Nilikuwa na namba ya wiki ya kwanza. Nilijua mate yameshuka nusu kwa siku tano, na bado niliweka apoitimenti kama ya mtu mwenye mate. Kwenye mdomo wa kawaida uozo unachukua muda mrefu, bikaboneti ya mate inapoza asidi baada ya kila mlo na kalsiamu na fosfeti zinarudishwa kwenye jino. Mate yaliyobaki baada ya mionzi ni machache, mazito na yana asidi, bikaboneti imepungua, na enameli, lile ganda gumu la jino, inaanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ikishuka chini ya kama 5.5. Jino linaweza kumalizika ndani ya miezi, sio miaka. Sasa hivi wagonjwa wa namna hii nawaona kila wiki sita mwaka wa kwanza, na asipokuja napigiwa kelele na kalenda mpaka nimpigie.

Na neno "kwa muda" kwenye faili nimelifuta. Floraidi ikisimamishwa naandika tarehe ya kuirudisha na jina la atakayeirudisha.

La pipi silihesabu kama uzembe wa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa na shida ya kweli, akatafuta dawa, akapata jibu kwa mtu aliyekuwa karibu naye. Sisi tulimpa karatasi iliyoandikwa "epuka sukari," haina hata mstari mmoja unaosema ufanye nini ukiamka usiku mdomo umegandia. Huwezi kusema aliikosea karatasi ambayo haikujibu swali lake.

Kilichofanya kazi ni viwili na vyote vilifanyika kabla ya madhara kuonekana: kung'oa yale magego mapema, na ile skeni ya wiki ya nne. Ningekuwa nimeyaacha magego yale, mwezi wa nane ningekuwa na mizizi mitatu ya kuzika kwenye mfupa wa Gy 60 badala ya mmoja.

Fomu yangu ya wagonjwa wa mionzi ilikuwa na swali "Je, unapata shida kula vitu vikavu?" Yeye kila mara alijibu "kidogo," na alikuwa mkweli, parotidi ilikuwa inafanya kazi. Sasa chini yake nimeongeza la pili: usiku unaamka mara ngapi, na ukiamka unaweka nini mdomoni. Mgonjwa wa juzi alijibu asali.